Wimbo Upi Uende Jimboni?

Kwaya ilikuwa na nyimbo mbili, nafasi ilikuwa moja. Rafiki yangu anayeimba besi katika usharika mmoja wa Kilutheri juu ya Marangu alinieleza hivyo kwa simu, kisha akaongeza: "Wewe si mwandishi wa mambo ya muziki? Njoo uone watu wazima wenye wajukuu wanavyonuniana kwa sababu ya wimbo." Nikakata tiketi.

Nilichagua treni makusudi. Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi ilirudishwa Desemba 2019 baada ya reli hiyo kukaa miaka mingi bila abiria. Haina haraka, na hiyo ndiyo raha yake. Ukiamka alfajiri upo Upareni, milima mkono wa kulia, na kila stesheni ndogo ina kina mama wanaouza ndizi na chai ya moto dirishani. Abiria wa basi hafaidi hayo. Yeye ameshafika zamani, shingo imemkakamaa.

Moshi tulifika mlima umejifunika, kama unavyopenda kumfanyia mgeni. Nilipita mjini kunywa kahawa karibu na jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro kilichoanzishwa mwaka 1933. Ni vizuri kuanza na kahawa, maana mji huu umeishi miaka mingi kwa kazi ya kuchagua vya kupeleka nje. Bodi ya Kahawa ina makao yake hapa, na mnada umekuwa hapa. Kuna watu ambao ajira yao ni kuonja: wanavuta kahawa kwa kijiko, wanaizungusha mdomoni, wanaitema, wanaandika. Punje zinapangwa kwa madaraja, AA, A, B na kuendelea. Ile bora inapanda meli. Mkulima mwenyewe, ukimtembelea kihambani, kwenye shamba lake la migomba, mara nyingi atakukaribisha chai ya maziwa, au mbege, pombe ya ndizi, kama siku inaruhusu. Anajua kabisa kwamba kinachomfurahisha yeye na kinachomfurahisha mnunuzi wa Hamburg ni vitu viwili. Hajisumbui. Kwenye wimbo ndipo anaposumbuka, na mimi nilitaka kujua kwa nini.

Kutoka stendi nilipanda Hiace ya Marangu. Himo ndipo njia zinapoachana: moja inashuka kuelekea Same na Dar, nyingine inakwenda Holili hadi Taveta nchini Kenya, ya tatu inapanda mlimani. Tulipochukua hiyo ya tatu, hewa ilibadilika ghafla. Migomba ilisogea mpaka barabarani, mifereji ikasikika chini ya madaraja, abiria wakaanza kuvaa masweta. Kijana aliyekaa kando yangu alikuwa amepakata kinanda kilichofungwa katika blanketi. Nikakisia, naye akakubali: ni mpiga kinanda wa kwaya ileile niliyokuwa naifuata.

"Na wewe upo upande wa wimbo gani?" nikamuuliza.

"Mimi nipo upande wa umeme," akasema. "Ukikatika siku ya mashindano, nyimbo zote mbili zimekufa."

Kijana huyu ana historia yake ya kuchujwa. Aliwahi kwenda Arusha kwenye usaili wa shindano moja la vipaji la televisheni. Alisema alipanga foleni tangu giza, akaingia chumbani mchana, akaimba beti moja, hakufika kiitikio, akaambiwa asante. "Kushindwa si shida, kaka. Nimeshindwa mara nyingi. Lakini hawakuniambia nimekosea wapi. Sauti? Nguo? Nimeanza juu mno? Mpaka leo sijui nirekebishe nini."

Tukazungumzia Tusker Project Fame, shindano la Afrika Mashariki lililokuwa likifanyika Nairobi, ambako washiriki wa nchi mbalimbali walikaa nyumba moja na watazamaji wakapiga kura kwa ujumbe wa simu. Nakaaya Sumari wa Arusha alikuwamo katika msimu wa kwanza, mwaka 2006. Peter Msechu, aliyekuwa ameshang'ara kwenye shindano la Tanzania la Bongo Star Search, alikwenda mwaka 2010 akashika nafasi ya pili nyuma ya Davis Ntare wa Uganda. Tuliwahesabu washindi kwa vidole: Valerie Kimani wa Kenya, Esther Nabaasa wa Uganda, Alpha Rwirangira wa Rwanda, Ntare, Ruth Matete wa Kenya, na mwaka 2013 Hope Irakoze wa Burundi. Misimu sita, Mtanzania hayumo.

"Labda sisi hatutumi meseji," kijana akasema. "Tunatuma dua."

Watu wote kwenye Hiace waliokuwa wakisikiliza, yaani wote, wakacheka.

Usharika wenyewe upo juu ya Marangu Mtoni, mahali ambapo ukiteleza kwenye njia ya udongo unaishia kwenye kihamba cha mtu. Mazoezi yalikuwa jioni. Kina mama walifika wakiwa wametoka kukatia ng'ombe majani, kila aliyeingia akisema "Bwana Yesu asifiwe!" na waliomo wakijibu "Amina!" Ukutani kulikuwa na ubao mweusi wenye nota za kuandikwa kwa herufi, d, r, m, f, zimepangwa kwa safu nne za sauti. Mwalimu wa kwaya ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na alinipa kiti nyuma kama mkaguzi wa elimu.

Utaratibu wa mashindano ya kwaya waliyokuwa wakijiandaa nayo ulikuwa huu. Kwaya inaanzia mtaani, inakwenda usharika, kisha jimbo, kisha dayosisi. Marangu ipo Jimbo la Kilimanjaro Mashariki, na dayosisi ni ya Kaskazini, yenye makao yake Moshi mjini. Jimboni kila kwaya ingeimba nyimbo mbili: wimbo wa lazima, ambao nota zake walitumiwa wote, na wimbo wa kuchagua wenyewe. Ugomvi ulikuwa kwenye huo wa pili.

Wimbo wa kwanza ulitungwa na mwalimu wa kwaya aliyetangulia, ambaye sasa ni marehemu. Una mwendo wa Kichagga kabisa. Mguu unauelewa kabla ya sikio. Umeimbwa usharikani hapo kwenye mavuno, kwenye harusi na kwenye maziko, na yeye mwenyewe alizikwa nao. Unapoanzishwa, waumini hawasubiri kualikwa kuitikia. Wimbo wa pili ni mpya. Sauti zinaingia moja baada ya nyingine, tenor anapanda mahali pa hatari, katikati mwendo unabadilika, na mwisho wanashuka wote taratibu mpaka kimya. Ni wimbo mgumu, umetungwa vizuri, na hakuna hata mtu mmoja pale aliyewahi kuuimba jikoni kwake.

Mwalimu aliutaka wa pili. "Waamuzi wanatafuta kazi," alisema. "Tukipeleka ule wa zamani watafurahi, watatikisa kichwa, halafu watampa alama mwingine."

Mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye nilielewa baadaye kwamba ndiye anayepika chai ya mazoezi na kwa hiyo ana nguvu kuliko mwenyekiti, akasema: "Mwalimu, huo mpya ni wa nani? Tukiulizwa huko tumetoka wapi, tuseme tumetoka kwenye daftari?"

Mabishano haya yana umri mkubwa mlimani hapa. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na Mamba, jirani kabisa na Marangu, mwaka uliofuata. Walileta vitabu vya nyimbo vyenye sauti za Kijerumani, na tarumbeta. Tarumbeta zimebaki mpaka leo. Asubuhi ya Krismasi zinaamsha vijiji, na hakuna Mchagga atakayekuambia kuwa ni kitu cha kigeni. Bruno Gutmann, mchungaji aliyekaa Old Moshi miaka mingi hadi 1938, aliandika vitabu vingi juu ya mila za Wachagga na alitaka kanisa lisimame juu ya ukoo na ujirani wao. Kwa hiyo swali la kilicho chetu na kilicho cha kitabu lilikuwapo kabla mwalimu wetu hajazaliwa. Wala si wimbo wa kienyeji ndio unaobaki nyumbani siku zote. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, akiwa mwanafunzi wa theolojia Makumira, karibu na Usa River, aliandika maneno ya wimbo wa Pasaka, "Mfurahini, Haleluya", kwa sauti ya asili ya Kitanzania. Leo upo ndani ya kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani. Hakuna kamati iliyokaa kuuchagua ukaiwakilishe Tanzania. Ulikwenda wenyewe.

Wakati wa chai waliniomba niseme chochote, kwa kuwa nimetoka mbali. Nikawasimulia habari ya Stella Mwangi.

Ulaya, niliwaambia, kuna shindano la nyimbo linaloitwa Eurovision, lilianza mwaka 1956. Kila nchi hupeleka wimbo mmoja, usiozidi dakika tatu. Namna ya kuuchagua wimbo huo ni juu ya televisheni ya nchi husika: wengine hukaa chumbani wakaamua, wengine hufanya mashindano makubwa ya kitaifa. Afrika imeingia humo mara moja tu kama nchi, mwaka 1980, Moroko ilipompeleka Samira Bensaid. Alipata alama saba na Moroko haikurudi tena. Norway wao wana mashindano yao ya mchujo, Melodi Grand Prix, ambayo mwaka 2011 yalikuwa na hatua za awali mikoani na fainali Oslo. Fainali hiyo ilichukuliwa na Stella, binti aliyezaliwa Kenya mwaka 1986 na kuhamia Norway na wazazi wake akiwa mtoto. Wimbo wake uliitwa "Haba Haba", habari za bibi anayemuusia mjukuu, na sehemu yake ni ya Kiswahili.

"Kiswahili chetu hiki?" akauliza mzee mmoja wa besi.

Hiki hiki. Wanorwe walishika simu wakampigia kura, wakampeleka Düsseldorf kuiwakilisha nchi yao. Na huko, usiku wa tarehe 10 Mei, kwenye nusu fainali ya nchi 19, akashika nafasi ya 17 kwa alama 30. Hakuvuka.

Ukumbi ulinyamaza kidogo. Yule mama wa sauti ya pili akaweka kikombe chini. "Yaani nyumbani walimpenda, ugenini wakamkataa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hakupoteza kitu."

"Amepoteza mashindano, mama," akasema mwalimu.

Niliongeza kisa cha Tusse ili mizani isilale upande mmoja. Huyu alizaliwa Kongo, akaishi kambi ya wakimbizi Uganda, akafika Sweden akiwa na miaka minane. Mwaka 2021 alishinda mchujo wa Sweden, akafika fainali ya Rotterdam na kushika nafasi ya 14 kwa wimbo wa Kiingereza uliotengenezwa kwa ufundi mkubwa. Mwalimu alitabasamu aliposikia neno ufundi. Lakini kilichomshika hasa ni kanuni moja niliyoitaja kwa kupita tu: kule Ulaya, siku ya shindano, mtazamaji haruhusiwi kuipigia kura nchi yake. Wimbo uliochaguliwa na ndugu zako unapimwa na watu wasiokujua bibi yako.

Naamini hapo ndipo wachaguzi wengi wanapojikwaa, wa kwaya na wa mataifa. Wanaokuchagua nyumbani wanasikia na yale wanayoyajua: maziko yale, mavuno yale, marehemu yule. Wakisema "wimbo huu ni mzuri", nusu ya uzuri wanao wao vifuani. Mwamuzi wa mbali hana nusu hiyo. Ataisikia ile iliyobaki peke yake, na lazima isimame. Hilo halimaanishi uache wimbo wa nyumbani upeleke wa daftari. Daftari nalo lina udanganyifu wake, maana ugumu wa wimbo humfurahisha mwalimu kabla ya kumfurahisha msikilizaji.

Mwalimu alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Alituma ujumbe kwa kwaya ya Wakatoliki wa upande wa Kilema, ambako wamisionari wao walifika hata kabla ya hawa wa Leipzig, akawaomba waje wachache kusikiliza. Walikuja jioni moja yenye ukungu, wakaingia na "Tumsifu Yesu Kristo", na Walutheri wakaitikia "Milele, amina" bila kusitasita, kwa kuwa huku hakuna ukoo usio na pande zote mbili. Wakakaa mbele. Hawakuambiwa wimbo upi ni wa nani wala upi unagombewa.

Zikaimbwa zote mbili. Wageni wakanong'onezana, kisha dada mmoja, mwalimu wa kwaya yao, akasimama na kijikaratasi. Kwa maoni yao wimbo mpya ulikuwa mzuri, ila waimbaji walikuwa wanauogopa. Ilionekana machoni kila tenor alipokaribia kupanda. Wimbo wa zamani ulikuwa na uhai, lakini ulikuwa mrefu mno, beti mbili za mwisho zilirudia yaliyokwisha semwa, na besi walikuwa wanaimba kwa mazoea, kila mmoja na nota yake. Wao wangepeleka wa zamani, umepunguzwa, na besi wafundishwe upya kama wageni.

Besi walinuna, rafiki yangu akiwa wa kwanza. Kina mama hawakushangilia sana pia, kwani kukata beti za marehemu si jambo dogo. Walikwenda kwanza kuongea na familia yake. Familia ikakubali. Kuanzia hapo mazoezi yote yalikuwa ya wimbo huo mmoja.

Mashindano ya jimbo yalifanyika Jumamosi. Kwaya zilishuka na kupanda kwa Hiace, kwa Noah, nyingine kwenye lori dogo la kubebea ndizi lililotandikwa mabenchi. Sare za kila rangi, na mkono wa kila mwimbaji umeshika mfuko wenye viatu vya jukwaani, maana njia ina tope. Nyuma ya kanisa kulikuwa na sufuria kubwa za machalari, ndizi zilizopikwa na nyama. Waamuzi walikuwa watatu, wote kutoka nje ya jimbo, mmoja wao amesomea muziki Makumira. Walikaa katikati ya kanisa na meza yao ndogo, na hapakuwa na pazia wala chumba cha siri.

Sitasimulia kwaya zote, nyingine zilikuwa nzuri na nyingine zilikuwa nyingi tu. Yetu ilipanda baada ya chakula, saa mbaya kuliko zote, watu wameshiba. Wimbo wa marehemu uliposhika mwendo, kanisa zima liliamka. Hata kwaya pinzani walipiga makofi mpaka mzee wa zamu akawaashiria watulie. Besi waliimba nota moja. Nilimtazama mama wa sauti ya pili: alikuwa anaimba ametazama juu ya vichwa vyetu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda kesi.

Umeme haukukatika.

Kisha likaja lile ambalo sijaliona kwenye mashindano makubwa ya mjini. Mwamuzi mkuu alichukua kipaza sauti akasoma alama za kila kwaya, kipengele kwa kipengele: ufunguo, ulinganifu wa sauti, matamshi, mwendo, nidhamu ya jukwaani. Kila alama iliyopungua aliitolea sababu. Kwaya fulani soprano zao zilipanda kuliko ufunguo. Kwaya fulani walimeza silabi za mwisho. Watu waliandika. Wengine walikataa kwa kutikisa vichwa, lakini waliandika hukohuko wakikataa.

Kwaya yetu ilipata alama za juu kuliko zote kwenye wimbo wa kuchagua. Kwenye wimbo wa lazima, ule ambao hakuna aliyegombana juu yake, walipotea. Waliingia vibaya, mwendo ukaenda mbio, alto wakasahau marudio. Jumla ikawapa nafasi ya tatu, na wanaopanda dayosisi ni wawili. Kumbe siku zote tulipokuwa tukibishana juu ya wimbo upi uende jimboni, wimbo mwingine wa kwenda jimboni ulikuwa mfukoni haujafunguliwa.

Kwenye gari la kurudi kulikuwa na kelele nyingi, lakini hakuna aliyesema wameonewa. Mwalimu alikuwa tayari na orodha ya makosa, akiisoma kwa tochi ya simu. Mpiga kinanda aliniambia, "Umeona? Mtu anashindwa na anajua kwa nini."

Nimekumbuka maneno yake mara nyingi tangu nirudi Dar es Salaam. Niliwahi kumuuliza mkuu wa kikundi kimoja kilichokwenda kutuwakilisha nje walichaguliwaje, akanijibu: "Tulipigiwa simu." Huenda walistahili kabisa. Lakini vikundi ambavyo havikupigiwa simu vilijifunza nini? Kwa hiyo ombi langu ni kwa wote wanaoandaa mchujo wa sanaa nchini, wa televisheni, wa shule, wa tuzo na wa ujumbe wa taifa: wekeni waamuzi wasio ndugu wa washindani, na mkimaliza someni alama hadharani pamoja na sababu zake. Jimboni kule kazi hiyo ilifanywa na watu watatu, meza ndogo na kipaza sauti kimoja, na giza halikuwa limeingia.